Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa na kurasa mbili na sahihi tatu, na ndani yake hamkuwa na jiwe. Inspekta Udeni Galappatti aliyasoma kwa mara ya nne akiwa amesimama, maana tangu asubuhi kiti kilikuwa kimemkataa. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akaenda tena. Mvua ya Ratnapura ilikuwa imepumzika kidogo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Saa nane mchana mzee aliyekaa mbele yake angefikishwa kwa hakimu, na akishayarudia maneno yale huko, hakuna mtu kituoni ambaye angeweza kuyarudisha kinywani mwake.

"Fundi Weliwita, hebu tuanze upya."

"Nimeshasema yote, Afande."

"Umesema mno. Jana asubuhi ulisema yakuti umemuuzia mgeni kwenye soko la mawe. Jana jioni ukasema umeitupa mtoni. Huyo mgeni ni samaki?"

Sajini Tikiribanda, aliyekuwa akiandika kwenye meza ya pembeni, alikohoa ili kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Alikuwa anausugua ukucha wa kidole gumba, ule ulioliwa na gurudumu la kukatia mawe kwa miaka arobaini.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Majuma matatu nyuma Hajji Faleel, mfanyabiashara wa mawe, alimpa Weliwita yakuti samawi ghafi ili aikate. Jumanne jiwe likarudi limekatwa, safi kupita kiasi, na usafi ule ukamtia Hajji wasiwasi. Jumatano akalipeleka kwa Pallewela, mtahini wa mawe, ambaye mashine yake ilisema ni kioo. Sefu ya karakana ilikuwa na funguo mbili tu, mmoja wa Weliwita na mwingine wa binti yake Sandamali, aliyefanya kazi kwenye gurudumu la pili. Alhamisi asubuhi, kabla hata hajaulizwa vizuri, mzee akakiri.

"Kioo hiki ulikitoa wapi?" Udeni aliinua bahasha ya plastiki yenye lakiri. Ndani yake jiwe la buluu, dogo kama punje ya hindi, lilitikisika.

"Kwenye chupa. Chupa ya dawa."

"Ulikikata kwa siku ngapi?"

"Sikumbuki."

"Siku moja, naona. Kazi ya ovyo ovyo, lakini kwa kudanganyia inatosha."

Mzee alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ovyo? Afande, wewe kamata wezi, mambo ya mawe waachie wenyewe. Lile jiwe la Hajji nililigeuza siku nne nzima kabla sijaligusisha gurudumu. Siku nne! Natafuta buluu yake imesimama wapi. Ukikosea upande linakutokea kijani kijani, maji ya bwawa matupu. Mimi uso wake nimeuweka pale pale buluu iliposimama wima. Halijaenda kando hata unywele."

"Hilo la kweli. Na hili la bandia, nani kalikata likafanana hivyo?"

Mzee aliitazama bahasha. Tangu Jumanne hakuwa ameruhusiwa kulishika lile jiwe, alikuwa akiliona kwa mbali tu, ndani ya plastiki. Macho yake yakaanguka chini.

"Mimi," akasema. "Andika mimi. Nipeleke kwa hakimu, Afande, nakuomba. Mapema."

Mtu anayeomba apelekwe jela mapema! Udeni aliitupa kalamu mezani, akaitia bahasha mfukoni, akatoka nje.

Sandamali alikuwa barazani tangu alfajiri. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, miguuni kwake begi kubwa la shangazi-kaja lililofungwa zipu hadi mwisho. Mkononi alishika wali uliofungwa kwa jani la mgomba. Alipomwona Inspekta alisimama.

"Ana kisukari, Afande. Msimlaze sakafuni."

"Hajalala sakafuni. Begi hilo lina nini?"

"Vitu vyake."

"Vya leo?"

"Vya huko atakakokwenda."

Udeni alilitazama lile begi. Lilikuwa limejaa kweli kweli.

"Kwa hiyo unaamini kaiba."

Sandamali alihamisha wali kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Mashine imesema kioo. Funguo ziko mbili. Wangu ulikuwa shingoni mwangu mpaka mlipouchukua. Mimi sijaiba, Afande. Sasa unataka niamini nini?"

"Wewe ungeweza kukata kioo kikafanana na kazi ya baba yako?"

"Ningeweza. Kanifundisha mwenyewe. Wateja hawajui lipi kakata yeye, lipi mimi. Huwa anawaambia, mkono wa huyu ni wangu mtupu." Alilikunja upya jani la mgomba. "Anajisifia hilo mpaka kwenye misiba."

Walipoingia kwenye gari, Tikiribanda alikuwa keshamaliza kesi.

"Ni binti, Afande. Kabadilisha, mzee kajua, mzee kajitwika. Akina baba ndivyo walivyo. Tumwingize ndani, tukanywe chai."

"Mwizi hawezi kukuambia kwamba kazi ile angeiweza."

"Mwizi mjinga anaweza."

"Endesha, Tikiribanda. Kwa Pallewela."

Lilikuwa jibu rahisi, na Udeni hakuweza kulikanusha. Ndilo lililomuudhi. Baba hasemi jiwe liko wapi kwa sababu hajui. Binti hasemi kwa sababu hajui. Funguo mbili, watu wawili, na hakuna anayejua. Basi nani anajua? Alilifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

"Afande, dirisha hilo lina kosa gani?"

Jua lilikuwa limechomoza ghafla na barabara yenye maji ikawa inachoma macho. Tikiribanda alivaa miwani yake ya jua, ile aliyotumiwa na kaka yake kutoka Kuwait na ambayo kituo kizima kilishachoka kusikia habari zake. Udeni alimwekea simu karibu na usukani, ikiwa imelazwa kwa upana, aone ramani.

"Simu imezima," Tikiribanda alisema.

"Imewaka."

"Nyeusi tii, Afande. Chaji imekwisha."

Udeni aliisimamisha wima.

"Aa, imewaka."

Akailaza. "Sasa?"

"Imekufa tena. Mbona unanichezea na mimi naendesha?"

"Simama pembeni."

Alimvua ile miwani kabla gari halijasimama sawasawa, akaivaa mwenyewe, akaishika simu mbele ya pua na kuanza kuigeuza taratibu. Mwanga wa kioo cha simu haukuzimika kwa mara moja. Mwanzoni ulipungua kidogo tu, hata usingesema unapungua. Simu ilipokuwa mshazari ulishabaki nusu, na hapo ulikuwa unakimbia. Mwishoni ukatambaa mpaka ukaisha. Akazidi kugeuza, ukarudi kwa njia ile ile.

"Kaka kasema ni za kuondoa mng'ao wa maji," Tikiribanda alisema kwa unyonge. "Ni za bei, Afande, angalia usizivunje."

"Mashine ya Pallewela inafanyaje kazi?"

"Ina vioo viwili na taa chini. Unaweka jiwe katikati. Kukiwa giza, ni kioo. Kila mtu sokoni anajua."

"Kila mtu anajua giza maana yake nini. Mimi nataka kujua giza linatoka wapi." Alimwonyesha usukani kwa kidole, aendelee kuendesha, lakini miwani akabaki nayo. "Mpigie Hajji Faleel. Aje kwa Pallewela sasa hivi, na aje na ile karatasi aliyofungia jiwe likiwa ghafi."

Pallewela alikuwa na koti jeupe, cheti kutoka ng'ambo kwenye fremu, na subira ya mtu aliyezoea kuwafundisha wasiojua. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kuliko Udeni alivyokumbuka: taa, sahani ya kioo cheusi, na sahani nyingine juu yake, kati yake nafasi ya kuingiza vidole.

"Mwanga unatikisika pande zote," Pallewela alisema. "Kichujio cha chini kinaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu. Cha juu nimekikingamisha na cha chini, kwa hiyo kinauzuia uliobaki. Giza. Weka yakuti katikati uizungushe: itawaka na kuzima mara nne kwa mzunguko mmoja. Kioo hakiwaki. Hili halikuwaka hata mara moja."

"Na vipimo vingine?"

"Kile cha kupima mwanga unavyopinda kimeishiwa kioevu chake, kinaletwa kutoka Colombo wiki ijayo. Lakini mzee si keshakiri? Ya nini tena?"

"Mzee amekiri kwa sababu ya mashine yako. Usinipe kukiri kwake kuwa ushahidi wa mashine."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Hajji Faleel, kanzu nyeupe, kofia, mwavuli unaochuruzika maji, maana mvua ilikuwa imeanza tena.

"Inspekta, leo ni Ijumaa. Mimi na msikiti tuna ahadi saa sita na nusu, fanya hima."

"Swali moja, Hajji. Jiwe lilipokufikia Jumanne, uliligusisha mdomoni?"

Kila mfanyabiashara wa Ratnapura hufanya hivyo, na kila mwenye cheti huwacheka. Hajji alimtazama Pallewela kwa jicho la pembeni.

"Nililigusisha. Lilikuwa baridi. Midomo yangu ilisema yakuti. Lakini nina miaka sabini na mbili, Inspekta. Nani atausikiliza mdomo wa mzee mbele ya fremu ile?"

Udeni alikuwa tayari ameshaisogelea mashine. Vidole vyake havikuweza kutulia. Aliwasha taa, akaingiza miwani ya Tikiribanda katikati ya vile vichujio viwili. Giza. Akaiinamisha, na jicho moja la miwani likajaa mwanga wa kijivu.

"Subiri," alisema. "Kuta mbili zimezuia mwanga. Naongeza ukuta wa tatu, mwanga unapita?"

"Hilo linajulikana," Pallewela alijibu. "Cha tatu kikikaa mshazari kinauchukua mwanga wa chini na kuulaza upande wake, kwa hiyo cha juu kinapata cha kupitisha. Si mwanga wote, kama robo hivi. Yakuti nayo inaubadilisha mwanga kwa namna yake, ndiyo maana inawaka."

Udeni aliinyoosha miwani. Giza likarudi. "Na ikikaa hivi, haifanyi kitu."

"Ndiyo. Haifanyi kitu."

"Je, jiwe nalo? Kuna namna ya kulikalisha lisifanye kitu?"

Pallewela alilitazama jiwe ndani ya bahasha ambayo Udeni alikuwa ameitoa, akaitazama sahani.

"Kuna upande mmoja," alisema polepole. "Kila yakuti ina mhimili. Ukiitazama kwa kufuata mhimili, inakuwa kama kioo. Unaweza kuizungusha mpaka kesho."

"Buluu yake inasimama wapi?"

Aliyejibu ni Hajji. "Hapo hapo kwenye mhimili, Inspekta. Hayo maneno ya mihimili mafundi wetu hawayajui, lakini macho yao yanajua. Uso wa jiwe unawekwa pale buluu ilipo nzito."

"Bwana Pallewela, jiwe hili ulililazaje?"

"Kifudifudi." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Uso chini. Ninavyolaza yote, yasibiringike."

"Na hayo mengine yanawaka?"

"Mafundi wengi wanakosea kidogo. Huyu kidogo huku, yule kidogo kule. Kwa hiyo mhimili unakuwa umeinama, na jiwe linawaka. Sijawahi kupata..."

"Hujawahi kupata ambalo halijaenda kando hata unywele," Udeni alimalizia.

Tikiribanda aliacha kuandika. Hajji alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa.

Lakiri ilivunjwa mbele yao wanne na wote wakatia sahihi. Pallewela alichukua donge la nta, akalisimamisha jiwe ubavuni, kiuno, yaani ukingo wake wa katikati, kikitazama juu, akaliweka kwenye sahani. Jiwe lilimponyoka na kuanguka mara mbili. Udeni aliuma mdomo wa chini. Kama lingebaki giza, zingekuwa zimebaki saa mbili na binti wa kukamatwa.

Pallewela alianza kuzungusha. Giza. Giza bado. Kisha buluu ikaingia ndani ya jiwe, hafifu, ikapanda, ikajaa hata ikawaka usoni mwa Pallewela, ikashuka, ikazima. Ikaja tena. Udeni alihesabu kwa sauti bila kujijua, na alipofika nne alipiga meza kwa kiganja.

"Inaweza kuwa yakuti nyingine," Tikiribanda alisema.

"Ndiyo maana nimetaka karatasi. Hajji?"

Hajji aliitoa kifuani, akaifungua mikunjo yake yote. Ndani palichorwa kwa penseli umbo la jiwe ghafi, na ukingoni mistari mitatu midogo, miwili imeegemeana na mmoja umejitenga.

"Nyuzi," alisema. "Lilizaliwa nazo. Nilimwambia Weliwita asizikate, azifiche kiunoni, ukingo wa pete utazifunika."

Pallewela alilizungusha jiwe mpaka likawaka kabisa, akasogeza lenzi, akampisha Udeni. Chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo mtu anayelitazama usoni asingepaona, nyuzi tatu zilikuwa zimekaa. Mbili zimeegemeana, moja imejitenga.

Hajji alitazama baada yake, kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka hamsini natafuta fundi wa kunikatia hivi," alisema. "Nimempata, nikamwitia polisi."

"Barua," Udeni alimwambia Pallewela. "Andika ulivyolilaza Jumatano na ulivyolilaza leo. Usiipambe. Dakika kumi."

Walifika kituoni saa saba na robo. Udeni hakungoja hata mwavuli. Alimtoa mzee mahabusu, akamwita Sandamali kutoka barazani, akawasimamisha wote wawili mbele ya meza na kuwaambia kwa maneno machache: jiwe halikubadilishwa. Hakuna aliyeiba. Ni lile lile, limelazwa vibaya na kusomwa vibaya, na limesomwa vibaya kwa sababu lilikatwa vizuri mno.

Tikiribanda, kwa furaha, aliiegemeza simu mezani kwa upana, ili miwani iione nyeusi, akalizungusha jiwe kwa koleo mbele yake na kuwapa miwani. Mzee aliinama, akatazama buluu ikiwaka na kuzima. Kisha akampisha binti yake, naye akatazama, na alipoivua miwani hakuna aliyekuwa anacheka.

"Kuna jambo lazima niliandike," Udeni alisema. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amekaa. "Fundi, hukuiba. Kwa nini ulikiri?"

Mzee aliusugua ukucha wa kidole gumba.

"Baba," Sandamali alisema. "Anakuuliza."

Mzee aligeuka ili asimtazame, na macho yake yakaangukia kwenye begi la shangazi-kaja ambalo binti aliliburuta hadi mlangoni. Akalisogelea. Akafungua zipu. Ndani mlikuwa na saruni tatu zilizopigwa pasi, blanketi, kijaluba cha tambuu, na chini yake pakiti za dawa ya kisukari zimefungwa kwa mpira. Alizitoa, akazipima mkononi.

"Za miezi sita," alisema.

"Nilinunua jana."

"Jana asubuhi au jioni?"

"Asubuhi," akasema. "Kabla hujakiri."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na Tikiribanda alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

"Na wewe ulitia sahihi," Sandamali alisema. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Uliwaambia umeiba, baba. Ulifanya hivyo kwa kunipenda, au kwa kunidhania mwizi?"

Mzee alizirudisha pakiti ndani ya begi, moja moja, akaifunga zipu mpaka mwisho.

"Yote mawili," alisema.

Udeni aliandika mstari mmoja, akaufuta. Akavuta droo, akaziweka zile funguo mbili mezani, kila mmoja na kitambulisho chake cha karatasi. Mzee alichukua wa kwanza uliokuja mkononi bila kusoma jina. Binti akauchukua uliobaki.

"Wali umepoa," Sandamali alisema.

"Nitaula hivyo hivyo. Shika huku, begi zito."

Kila mmoja alishika mpini mmoja, wakatoka nalo mvuani.